Baba Mchungaji, Nimefika Mwera

Nguvumali, Tanga
Jumatatu asubuhi

Baba Mchungaji,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila tangu nilipokuwa vikari wako, mchungaji mwanafunzi, kule milimani sijawahi kukuambia jambo kabla ya shikamoo, na sioni kwa nini nianze leo.

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza niliichana. Ya pili niliiandikia ofisini kwako, ambayo sasa wanaiita ofisi yangu. Nikainuka kwenda kufunga dirisha, nikashtukia niko Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, natembea na kalamu mkononi, na sikumbuki nilivyotoka. Ndivyo nilivyo siku hizi. Sikai. Mume wangu anasema hata usingizini miguu yangu inakwenda. Mimbarani nashika ubao kwa mikono miwili nisije nikashuka kabla ya amina.

Nina jambo la kukuomba, na linanipa hofu. Ngoja kwanza nikupe habari.

Nimehitimu. Jumamosi ya wiki iliyopita. Ni mwaka na miezi miwili sasa tangu ututoke, na yale masomo ya juu ya uchungaji wa mjini, yale uliyonisukumia mgongoni nikiwa sitaki, nimeyamaliza. Wamenivalisha kofia iliyonizidi kichwa. Askofu aliposoma jina langu, ukumbi mzima ulipiga makofi ya adabu, halafu sauti moja nyuma ikapasuka kwa kigelegele. Mama Yona, mkeo. Peke yake. Alipiga mpaka akakohoa. Nikatazama kiti cha pembeni yake, nikaona amekiwekea mkoba watu wasikikalie. Hapo nilitaka kukimbia. Nilitabasamu kwa ajili ya picha.

Sijui kama nilishawahi kukuambia kwamba nilikuonea huruma ulipohamishiwa huku. Milimani ulikuwa unajua ng'ombe wa nani amezaa na ndugu gani hawasalimiani. Mtu akikosa ibada Jumapili mbili, ya tatu wewe mwenyewe huonekani kanisani, umempandia mlima kumwuliza kulikoni. Wakakuleta Tanga mjini ukiwa na miaka hamsini na nane, na ukaomba uletewe mimi niwe msaidizi wako. Ukanunua baiskeli kwa sababu kila mtu wa Tanga ana baiskeli. Ukazunguka Nguvumali yote ukitafuta kondoo walioandikwa daftarini. Wa chumba hiki kahama. Simu hii haipatikani. Jumapili mabenchi yanajaa, Jumatatu huwaoni hata ukipanda paa.

Nakukumbuka umechuchumaa uani, vidole vina grisi ya mnyororo, unaniambia bila kuniangalia, "Kule nilikuwa mchungaji, Naomi. Hapa nimekuwa karani wa Jumapili."

Nilicheka. Nilidhani unatania.

Halafu ikaja ile alasiri ya mvua. Tulikuwa barazani kwako, tunakula mihogo ya kuchemsha na chai, wewe unachovya muhogo ndani ya chai, kitu ambacho sikuwahi kukizoea. Ukaanza kunisimulia habari za Festo Mgaya. Mimi nilikuwa nimekwenda Pangani kwa mume wangu wiki yalipotokea, kwa hiyo sikujua lolote.

Ulisema asubuhi moja alikuja binti wa miaka ishirini na kitu, Anjelina. Kaka yake, Festo, mlinzi wa ghala, alikuwa amefia hospitali. Walizaliwa Mwera, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Pangani, wajukuu wa watu waliotoka Njombe kuja kukata mkonge zamani zile. Kabatizwa huko, kapata kipaimara huko. Alipokuja mjini hakujiandikisha popote. Angejiandikisha lini? Jumamosi usiku analinda, Jumapili asubuhi amelala. Binti akakuomba uje umzike.

Ukamwuliza barua ya usharika, ya kuthibitisha marehemu ni muumini, iko wapi. Hakuwa nayo. Ukamwambia aende Mwera, akawatafute wazee wa kanisa, wamwandikie, arudi. Akakujibu, "Baba, mochwari hawatanisubiri." Ukasema utaratibu ni utaratibu.

Kesho yake ulipiga joho pasi, ukakaa unamsubiri. Hakurudi. Baada ya wiki ukasikia kwamba Festo alizikwa na majirani. "Waislamu wa watu," uliniambia. "Walimbeba, wakachimba, wakasimama pale. Hawakujua wamsomee nini mtu wa dini nyingine. Mzee mmoja akasema, Mungu ndiye anayemjua. Wakafukia."

Mvua ilikuwa imekatika. Ulikuwa umeshika kikombe kilichopoa zamani.

"Kwa katiba nilikuwa sawa, Naomi. Kifungu kwa kifungu." Ukakiweka kikombe chini. "Mbele ya yule binti sikuwa sawa. Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu.

Miezi miwili baadaye barua ya masomo ikaja, nafasi moja kwa jimbo letu. Walikutaja wewe. Ukawaambia wazee wa baraza la usharika, mpelekeni Naomi. Mzee Kihiyo akauliza mama mwenye watoto wawili wadogo na mume aliyeko Pangani atasoma saa ngapi. Ukamjibu, "Saa zile zile ambazo angetuhubiria sisi tusiosikia." Wazee walicheka, yeye hakucheka, na mimi ndiye niliyekasirika kuliko wote, kwa sababu hukuniuliza.

Nilikufuata uani. Unakumbuka nilichosema. Mimi nakumbuka, Baba, kila neno. Nilisema, "Umeshindwa mwenyewe, sasa unataka mimi nikashindwe kwa cheti."

Ningekuwa mwanao wa kuzaa ungenizaba kofi. Uliniangalia tu. Ukafuta mikono yako kwa kile kitambaa cha baiskeli, taratibu, kidole kwa kidole. Ukasema, "Basi nenda ukashindwe vizuri kuliko mimi."

Sikukuomba msamaha. Nilijiambia nitakuomba Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Tulisalimiana, tuligawana ibada, tulizika, tulibatiza. Neno lile lilibaki pale pale.

Masomo yakaanza. Tulikuwa wachungaji kumi na wanne, wa madhehebu mbalimbali, katika ukumbi wa hosteli kule Raskazone. Nilikwenda na madaftari manne na kichwa kilichojaa majibu. Mwalimu wetu, mchungaji mstaafu kutoka Mombasa, mama mfupi tunayemwita Mama Kadzo, alitupokonya vyote viwili siku ya kwanza. Alitupa daftari moja dogo la shule. Akasema, "Siku sita mtatembea. Hakuna kola, hakuna Biblia, hakuna kugawa kitu. Simu zinabaki kwangu kwenye kikapu. Msiniletee majibu. Nileteeni majina."

Na swali moja la kumwuliza kila mtu, tukishazoeana naye: Ukifa leo, nani atakuzika?

Nilipolisikia nilihisi kama umenitangulia humo ukumbini ukakaa nyuma.

Nilipangiwa Nguvumali yetu hii hii. Unajua nilidhani naijua. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuta walinzi wanatoka zamu, macho mekundu, wamejazana kwenye kibaraza kimoja wanakunywa chai. Nilikuta wanawake wa kumenya machungwa. Nilikuta binti anayetandika vitanda kwenye nyumba ya wageni, miaka mitatu anakaa nyuma ya kanisa letu, anasikia kwaya yetu kila Alhamisi tukifanya mazoezi, hajawahi kuingia. Nilipomwuliza lile swali alicheka. "Bosi atachukua simu yangu, ataangalia namba ya juu kabisa, atapiga." Mlinzi mmoja mtu mzima alinijibu, "Kampuni," halafu akafikiri, akasema, "Hapana. Sijui."

Kibaraza kile ni cha Bi Mwanaidi. Mpemba, aliletwa Tanga akiwa mwari, hajarudi. Anapika vitumbua na chai ya mchaichai. Anawajua walinzi wote kwa majina, na mama zao, na nani ana kisukari asitiliwe sukari. Siku ya pili nilikuwa nimekaa kwake, nimevaa kandambili na kanga, najiona sijulikani. Akanimiminia chai. Akaniambia kwa upole, bila kupandisha sauti, "Wewe si ndiye wa kanisa lile lililotaka barua?"

Nikavuta kanga kichwani.

"Festo alikuwa akinywa chai hapo ulipokaa," akasema. "Kila alfajiri akitoka zamu. Maiti yake aliitwaa mume wangu Khamis na vijana wa mtaa. Sisi hatuna barua ya mtu, mwanangu. Tuna majembe."

Niliandika kwenye daftari langu la shule: Festo Mgaya. Jina la kwanza la siku hiyo lilikuwa la mtu aliyekwishazikwa.

Nilirudi nimekata shauri kuja kwako jioni hiyo nikwambie nimekutana na waliomzika. Nilichoka. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema wiki ikiisha, nitakuwa na habari zaidi. Baba, mimi na hii kesho yangu.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Saa nne na kitu asubuhi nilirudi kibarazani kwa Bi Mwanaidi, nikamkuta amesimama, chuma cha vitumbua kinaungua na yeye hakitazami. Alikuwa na simu mkononi. Mkwewe ni dereva wa bajaji, anaegesha stendi ya mabasi ya Pangani. Ndiye aliyempigia.

"Kaa, mwanangu," akaniambia. "Kaa kwanza."

Nikasema sikai, niambie.

"Yule mchungaji wa baiskeli. Kaanguka stendi."

Nilikimbia mpaka hospitali na kandambili zangu. Moja ilikatika njiani, nikaitupa. Nilifika ukiwa umeshafunikwa. Muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake, na kwa kanga ile na mguu mmoja pekupeku sikuonekana mtu wa maana. Nikasema, mwanawe.

Moyo, walisema. Haukuchukua muda.

Jioni Mama Kadzo alinirudishia simu yangu mwenyewe, mkononi, akalia nami. Simu tatu. Saa mbili, saa mbili na nusu, saa tatu kasoro. Zote zako. Hujawahi kunipigia mara tatu kwa siku moja, hata mimba yangu ya pili ilipoharibika ulipiga mara moja tu ukaja mwenyewe. Ulitaka nini? Nimeliuliza swali hilo mpaka limechakaa. Na stendi ya Pangani ulikuwa unafuata nini? Mama Yona alikuwa hajui. Ulimwambia, "Nakwenda kumwona mtu." Kutoka mfuko wa shati lako hospitali walimkabidhi tiketi ya basi, haijachanwa.

Tulikupeleka kwenu milimani. Wachungaji walikuwa wengi, majoho meupe yamepanda kilima chote. Mimi sikupangiwa neno, hata somo. Nilibeba kitabu cha mahudhurio. Bi Mwanaidi alikuja na mume wake na walinzi watatu waliokuwa hawajalala tangu zamu. Nilimwona Mzee Khamis anapokea jembe kutoka kwa mmoja wa vijana wenu na kufukia, bila mtu kumwambia.

Baada ya hapo niliharibika. Nakwambia ukweli. Nilihubiri Jumapili mbili, ya tatu nikasoma Injili, nikafunga kitabu, nikakaa kimya mbele ya watu mpaka mwalimu wa kwaya akaanzisha wimbo kwa huruma. Nilimwandikia Mama Kadzo kwamba naacha masomo. Alikuja nyumbani. Hakunibembeleza. Aliniomba daftari, akafungua ukurasa wa siku ya pili, akaweka kidole kwenye jina la Festo. "Huyu umemmaliza?" akauliza. Nikasema hapana. "Basi hujaacha."

Lakini nilichelewa. Nilizunguka mji mzima nikifanya kila kazi isipokuwa hiyo. Nilianzisha ibada fupi ya saa moja asubuhi kwa walinzi wanaotoka zamu, Jumanne na Ijumaa, dakika ishirini, pale pale kibarazani. Bi Mwanaidi anaondoa masufuria upande mmoja, anatuachia benchi, na anatunyamazisha tukiimba sana kwa sababu ana mgonjwa ndani. Niliingia wodini, niliingia nyumba za wageni. Nilisoma vitabu vya sosholojia ya mji hadi macho yakauma. Watu walinisifu kwa bidii. Nilikuwa namkimbia msichana mmoja tu, Anjelina.

Miezi saba ilipita. Bi Mwanaidi akachoka na mimi. "Namba yake ninayo," akasema, "haishiki. Lakini Mwera haijahama."

Nikapanda basi.

Nilimkuta Anjelina kwenye uwanja wa kuanikia singa za mkonge. Unajua panavyokuwa: mistari na mistari ya waya, singa nyeupe zinaning'inia kama nywele za vikongwe, jua halina pa kujificha. Safari hii nilivaa kola. Alipoiona akaendelea kuanika.

Nikajitambulisha. Nikasema natoka Nguvumali, kwenye usharika uliomkataa kaka yako. Akasema, bila kugeuka, "Na wewe umekuja kuniahidi siku?"

Sikuelewa.

Ndipo akaniambia, Baba. Ndipo nikajua.

Ulikuwa umekwenda. Jumanne ya wiki ile ile. Aliniambia viatu vyako vilikuwa vimepigwa rangi na vumbi limevijaa juu, na kwamba ulivua kofia ukasimama juani ukakataa kivuli. Ukamwambia, "Binti, ulikuja kwangu na msiba, nikakupa safari. Sina kisingizio cha kukupa. Nimekuja kukuomba radhi." Yeye akakujibu, "Leo siwezi, Baba." Ukamwuliza, "Lini?" Akasema Alhamisi. Alisema tu ili uondoke.

"Lakini ile Alhamisi niliomba ruhusa saa sita," akaniambia. Sasa alikuwa ameacha kuanika. "Nikarudi nyumbani nikafagia. Nikapika wali. Sijui kwa nini nilipika wali. Nikakaa mpaka jua likaondoka. Hakuja. Nikasema, ndio wale wale. Nikachukua kile chakula nikawapa watoto wa jirani, na jina lake sijalitaja tena."

Miezi saba, Baba. Miezi saba alikaa na hilo, ukiwa umemwangusha mara mbili.

Nikamwambia. Stendi, saa nne asubuhi, tiketi ya Pangani mfukoni. Niliyasema vibaya, yakatoka yamevurugika, nikaanza na tiketi kabla ya kifo. Ilibidi aniulize, "Amekufa?" Nikasema ndiyo. "Siku ile?" Nikasema siku ile.

Alikaa chini pale pale, juu ya singa zilizoanguka. Wenzake wakaanza kututazama. Aliushika uso wake kwa mikono miwili, na kitu alichokuwa akisema ndani ya mikono sikukisikia mpaka niliposogea nikachuchumaa.

"Kwa hiyo alikuwa anakuja," alikuwa akisema. "Alikuwa anakuja."

Nililia kuliko nilivyolia mazishini kwako. Na kwa mara ya kwanza zile simu tatu zikanipa picha: labda ulitaka nikusindikize. Labda ulitaka tu nikuambie uende. Sitajua. Ila najua sasa ulikuwa unapiga ukielekea wapi.

Wiki tatu baadaye tulikwenda kwenye makaburi ya mjini, mimi, Anjelina, Bi Mwanaidi, Mzee Khamis na walinzi. Kaburi lilikuwa halina alama. Mzee Khamis alitembea, akahesabu hatua kutoka ukutani, akarudi, akahesabu upya, akasema hapa. Nilivaa joho. Nilimsomea Festo Mgaya ibada yote ya maziko, toka mwanzo, hata yale maneno ya kutupia udongo, ingawa udongo ulikuwa umeshaota majani. Sikufupisha. Wewe ungeniambia "Fupisha, binti," lakini siku ile nadhani ungeniacha. Tulipomaliza, Mzee Khamis, ambaye alikuwa amesimama kando kwa adabu, alinikaribia akasema, "Nilikuwa nasubiri mtu aje amalizie. Nilimwacha pabaya."

Anjelina aliniuliza umezikwa wapi. Nikamwambia milimani, mbali. Akasema, "Nitakwenda." Nilidhani ni maneno ya makaburini. Mwezi wa kumi na mbili akanipigia, ana siku nne za mapumziko, tunakwenda au hatuendi? Tukaenda. Mama Yona alitupikia. Niliwaacha ninyi wawili pale juu kaburini kwako, nikashuka hadi kwenye migomba nisimsikie. Alikaa sana. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba na alikuwa na njaa. Alichokuambia unakijua wewe. Sikuuliza.

Sasa ombi langu.

Wiki tatu zilizopita yule binti wa nyumba ya wageni alifariki. Homa, siku mbili. Bosi wake alifungua simu, kama alivyosema mwenyewe, na namba ya juu ilikuwa yangu. Jina lake Salome. Hakuwa na barua, hakuwa na jumuiya, kwao ni mbali na hawakuweza kuja kwa wakati. Nilimzika. Nilitumia joho la usharika, kengele ya usharika na kwaya ile aliyokuwa akiisikia ukutani. Nilijua naruka kifungu gani.

Baraza limeniita kesho saa nne. Mzee Kihiyo ametaka nipewe onyo, na wengine wanazungumzia kuniandikia kwa mkuu wa jimbo nihamishwe. Wala si watu wabaya. Wanaogopa kanisa litakuwa la kila mpita njia. Na wote, Baba, wote wanajikinga kwa jina lako. Juzi Mzee Kihiyo alinishika mkono mlangoni, kwa upendo kabisa, akasema, "Marehemu asingefanya hivi. Marehemu alijua utaratibu."

Nilinyamaza kwa sababu uliniambia nisimwambie mtu.

Nimekosa raha tangu hapo. Nilitembea toka kanisani mpaka Raskazone na kurudi. Nikisema, nimekuvunjia siri na nimekuvua heshima mbele ya watu waliokupenda. Nisiposema, watakutumia kumfungia mlango Salome mwingine na Festo mwingine, na wewe ulikufa ukienda kuufungua. Jana baada ya ibada nilipanda milimani kwa Mama Yona. Nilimweleza yote, hata lile neno langu la uani. Alinisikiliza akichambua mchele. Akasema hilo neno ulimwambia usiku ule ule, na kwamba ulicheka ukasema, "Huyu ndiye wa kumpeleka." Halafu akasema, "Wewe sema. Alikuwa anatafuta pa kusemea."

Kwa hiyo nisamehe, yote mawili. Lile nililosema na hili nitakalosema.

Nakuahidi, Baba Mchungaji: mtu akiletwa kwangu na msiba, nitamwuliza jina la marehemu kwanza, na karatasi zitafuata zikipatikana. Hapa Nguvumali au popote watakaponipeleka. Wakinihamishia mji mwingine nitatafuta mpaka nijue nani ananywa chai wapi. Wakinirudisha milimani, nitaanza na mlima wa kwanza.

Kwaheri, Baba. Lala na watu wako. Kesho, Mzee Kihiyo akishamaliza, nitasimama nishike meza, nitawaambia ulimrudisha yule binti. Kisha nitawaambia ulikuwa njiani kwake.

Wako katika Bwana,
Naomi